Jembe Lisilo na Somo

Katika kijitabu chake, "Elimu ya Kujitegemea", kilichotoka Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shamba liwe sehemu ya elimu yenyewe, na wanafunzi washiriki kulipanga. Fikra hiyo haijachakaa. Upungufu wa andiko ni kwamba halikumpa mwalimu wa kila somo njia ya kulifikia shamba. Pengo hilo likazibwa mahali pengi kwa jembe tupu: mtoto akalima asijifunze, na kulima kukageuka adhabu.

Tuutazame Mkoa wa Singida, wenye msimu mmoja wa mvua. Mwalimu wa jiografia aeleze kwa nini uwele hustahimili ukame unaonyausha mahindi. Wa historia afundishe kwamba mtama na uwele ni wazawa wa Afrika, ilhali mahindi na alizeti asili yao ni Amerika. Wa hesabu aipime ekari, mita za mraba 4,047, na kukadiria mbegu. Wa Kiswahili awatume wanafunzi kwa bibi zao, wakusanye majina ya mbegu kwa Kinyaturu na Kinyiramba.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali. Ni hatua njema. Lakini kilimo kikiachiwa mkondo mmoja, wanafunzi wengine watakula wasijue walacho. Anayefundishwa kuudharau ugali wa uwele hujifunza pia kumdharau aliyeulima. Shule isiyoliona hilo haijajitegemea, hata ghala lake likifurika.