Kome wa Sebuleni

Hakuna aliyewanunua. Mfugaji wa samaki wa maji chumvi anafuta kioo cha tangi lake sebuleni, na nyuma ya bomba la pampu, pale kitambaa kisipofika, anaona vidoa vitatu vyeusi, kila kimoja kadiri ya punje ya mchele. Anadhani ni uchafu. Anapomulika tochi, vidoa vinajifumba. Ni kome.

Mara nyingi hufika na mawe. Mawe ya matumbawe yanayouzwa kwa ajili ya matangi huja na wapangaji wake: minyoo, konokono, sponji, na kome wachanga waliojibanza vitunduni. Kome huanza maisha akiwa kiluwiluwi mdogo mno, anayechukuliwa na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka na kutafuta pa kushika. Hapo ndipo mguu wake unapofanya kazi. Ni mfano wa ulimi, wenye mfereji chini yake. Anaunyoosha, anapapasa kioo, anaubandika na kutulia. Ute ulio ndani ya mfereji unaganda kuwa uzi, na mguu unapoinuliwa uzi umekwisha kunata, majini, mahali ambapo gundi nyingi za binadamu hushindwa. Anasogea kidogo, anasokota mwingine. Mwenye kioo cha kukuzia ataitazama kazi yote hiyo bila kuinuka kitini.

Hata ufundi wa kufuga bahari nyumbani una kisa chake cha uzi. Mwaka 1846, nchini Uingereza, bibi mmoja, Anna Thynne, alichukua matumbawe madogo kutoka pwani ya Torquay, akayashona kwenye sponji kwa sindano na uzi yasiumizane njiani, akasafiri nayo hadi London yakiwa ndani ya mtungi. Maji ya bahari yalipokuwa haba, mtumishi wake alikuwa akiyamimina kutoka chombo hiki hadi kile mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi kila siku, ili yapate hewa. (Historia imehifadhi jina la bibi; mikono iliyouma ilikuwa ya mtumishi.) Baadaye Thynne akaagiza mwani ulio hai, ukawa unampunguzia kazi hiyo. Zaidi ya miaka 100 mbele, mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyokuwa akiendesha matangi yake kwa mawe hai, mwanga na mapovu ya hewa. Mitambo mikubwa hakuwa nayo.

Siku hizi mitambo ipo tele, na hapo ndipo ufundi unapopimwa. Samaki mwenye rangi za kupendeza, pengine aliyevuliwa na mzamiaji wa pwani ya Kenya na kusafirishwa kwa ndege, anaonyesha uzito wa mfuko wa mwenye tangi. Kome anaonyesha ustadi wa mkono wa mwenyewe huyo. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji. Maji ya tangi yakipungua kwa joto, ni maji matupu yanayopaa, chumvi inabaki. Kwa hiyo fundi huongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, kila siku. Anayeongeza maji ya chumvi anazidisha ukali bila kujua, hadi aone kome wamefumba kutwa nzima.

Kuna kosa jingine, na hili huwapata zaidi wenye bidii: usafi uliopita kiasi. Kome hula kwa kuchuja. Mkubwa huweza kuchuja lita moja na zaidi kwa saa, akinasa mwani mdogo usioonekana kwa macho. Tangi lenye chujio kali na mtambo wa povu ufanyao kazi usiku na mchana hung'aa kama kioo cha dukani, na kome humo hufa njaa polepole. Fundi mzuri huyaacha maji yawe na uhai kidogo: huzima chujio kwa muda, hutia kijiko cha mwani wa kijani aliouotesha kwenye chupa dirishani, na hukubali ukungu wa saa moja. Ni vigumu kuliko kusafisha, maana asiyejua huzidisha mwani, na kome wakifa wengi pamoja huoza na kuwaua samaki kwa amonia.

Mtoto aliyekulia karibu na mikoko huenda akacheka kusikia mtu mzima anafurahia kome watatu. Kwake ni kitu cha kuokota maji yakipwa. Lakini yeye ana bahari nzima inayomfanyia kazi. Huyu wa sebuleni ana ndoo, kipimo cha chumvi na macho yake.

Basi ukiwaona kwako, usiwang'oe kwa vidole. Uzi ukivutwa kwa nguvu hujeruhi nyama ulimoota. Wakiwa pabaya, kata nyuzi kwa wembe karibu na kioo, uwaweke penye mkondo wa maji. Watasokota nyingine wenyewe.