Jinsi QuickDraw Ilivyokata Picha kwa Baiti Chache

Madirisha mawili yakipandana kwenye kioo cha kompyuta, la chini lichorwe pale tu linapoonekana. Nukta moja ikivuka mpaka, imeharibu dirisha la juu. Leo kazi hii hufanywa na mashine zenye kumbukumbu tele, wala hatuifikirii. Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, ilikuwa na kilobaiti 128 tu, na picha ya kioo chake cha nukta 512 kwa 342 ilimeza karibu 22 kati ya hizo. Bill Atkinson wa Apple, aliyeandika maktaba ya kuchorea ya QuickDraw kwa ajili ya Lisa na Macintosh, alilitatua tatizo hili kwa njia ambayo kila mwandishi wa programu anapaswa kuifahamu.

Mstatili hauna taabu: namba nne zinatosha. Taabu huanza dirisha linapofunikwa kona, kwa kuwa sehemu inayobaki si mstatili tena. Unaweza kuhifadhi biti moja kwa kila nukta, lakini kumbukumbu itakwisha. Unaweza kuligawa eneo kuwa mistatili midogo, lakini duara litakuzalia mistatili mingi mno. Atkinson aliandika kitu kimoja tu: mahali hali inapobadilika.

Chukua dirisha lenye upana wa nukta 300 na kimo cha 200. Jingine limefunika kona yake ya juu kulia, kuanzia nukta ya 200 kwenda kulia, hadi kufikia mstari wa 80. Eneo lililobaki huandikwa hivi:

Mstari 0: 0, 200
Mstari 80: 200, 300
Mstari 200: 0, 300

Kila namba hugeuza hali: uliyekuwa nje unaingia, uliyekuwa ndani unatoka. Utazame vizuri mstari wa 80. Hapo 200 imejirudia, na kujirudia kwake kunaifuta ile ya juu, nayo 300 imeongezeka. Kuanzia hapo eneo linakwenda kutoka 0 hadi 300, upana wote. Mstari wa 200 unazifuta zote mbili na eneo linaisha. Mistari 79 iliyo kati ya 0 na 80 haikuandikwa, maana hakuna kilichobadilika.

Kila namba, pamoja na ile ya mstari, huchukua baiti 2. Kila mstari ulioandikwa hufungwa kwa 32767, na eneo zima kwa 32767 nyingine. Mwanzoni hutangulia baiti 10 za ukubwa wa eneo na mstatili unaolizunguka. Jumla ni baiti 36. Kwa biti moja kwa kila nukta, dirisha hilo lingekula baiti 7,500.

Faida kubwa zaidi iko katika kuunganisha maeneo. Ikitafuta makutano au tofauti ya maeneo mawili, maktaba huyapitia kwa pamoja kutoka juu kwenda chini, mara moja. Kwenye kila mstari wenye badiliko hukokotoa jibu, hulilinganisha na la mstari uliotangulia, na kuandika tofauti peke yake. Jibu hutoka tayari likiwa na umbo lile lile, na gharama hufuata wingi wa mabadiliko, si ukubwa wa eneo.

Wakati wa kuchora, maktaba huandaa barakoa, yaani biti zinazoonyesha nukta zipi zichorwe, ya mstari mmoja tu na kuigeuza pale eneo linapobadilika. Eneo likiwa na baiti 10 pekee, huo ni mstatili wa kawaida. Barakoa haihitajiki kabisa.

Njia hii ina mipaka yake. Kingo zenye mikunjo hubadilika karibu kila mstari, hivyo akiba hupungua. Tena nukta huwa ndani au nje, hakuna nusu, kwa hiyo kingo laini za siku hizi zinahitaji mbinu ya ziada. Hata hivyo, Skia, maktaba inayochora katika Android na Chrome, bado ina aina ya eneo inayohifadhiwa kwa vipande vya mistari.

Tangu mwaka 2010 msimbo wa QuickDraw umewekwa wazi na Computer History Museum ya California. Mwanafunzi wa kompyuta, usome. Na kabla ya kudai kumbukumbu zaidi, tafuta ni nini hasa kinachobadilika katika data yako, kisha uandike hicho tu.