Mpaka Pipa Linyamaze

Pipa la lita 100 limesimama pembeni mwa jiko la nje, limefungwa blanketi kuukuu. Ni Julai, na mwezi huu baridi ya mlima hapa Marangu inauma. Bibi anainama, anaweka sikio kwenye ubavu wa pipa, anasikiliza kwa muda.

"Bado inaongea, mjukuu wangu," anasema, na anarudi kuchambua maharage yake.

Inayoongea ni nyalu, yaani ndizi zilizopikwa na kuachwa zichache. Siku ya kupika nilikuwapo. Ndizi zilikuwa zimeivishwa darini juu ya moto mpaka maganda yakaingia weusi. Akazimenya, akazitia kwenye sufuria kubwa lenye maji juu ya mafiga, na moto ukawaka tangu asubuhi mpaka jua likaanza kuinama. Alikoroga kwa mwiko mrefu, taratibu, akikwangua chini kila mara, kwa sababu ndizi zikishika chini hata kidogo, harufu ya kuungua haitoki tena. Rangi ilitoka njano ikaja kahawia. Mimi nikadhani zimeiva. Yeye akaongeza kuni, akangoja mpaka sufuria zima likawa jekundu kama udongo wa shambani kwake.

Ulezi ulikuwa na safari yake. Ulilowekwa usiku kucha, ukachujwa, ukafunikwa kwa majani ya mgomba siku tatu mpaka kila punje ikatoa mzizi mweupe kama uzi. Hapo punje huwa imeanza kugeuza wanga wake kuwa sukari ili ilishe mche, na Bibi huikatiza njiani kwa kuianika juani. Akichelewa, mche unakula utamu wote; akiwahi, utamu haujaja. Alitafuna punje moja kwa meno ya mbele, akanipa nyingine. Ilikuwa tamu. Hicho ndicho kimea, na ndicho alichokisaga.

Siku ya tano pipa likanyamaza. Nyalu ikaongezwa maji, ikachujwa, machicha wakapewa ng'ombe. Kisha akapika unga wa kimea uji mwepesi, ndio unaoitwa mso, na hapo ndipo nilipouona ufundi wake wote. Aliuepua, akauacha. Akatia kidole, akakitoa haraka. Akangoja. Akatia tena, akatikisa kichwa. Mso wa moto huua hamira iliyozaliwa ndani ya nyalu, na kazi ya siku zote zile ikapotea kwa mmimino mmoja. Watu wawili walikwisha kufika kuuliza kama tayari, aliwapa viti. Mara ya nne kidole kilibaki ndani, uso wake umetulia, mpaka nikahesabu kumi kimoyomoyo. Ndipo akamimina. Akafuatisha maji machungu ya magome ya msesewe, vikombe viwili, akaonja, akaongeza nusu. Uchungu huo ndio unaozuia utamu wa ndizi usikinaishe.

Bia ya laga hulazwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa ili itulie na kung'aa. Mbege, pombe hii ya ndizi na ulezi, hupewa usiku mmoja tu baada ya mso, tena kwenye joto. Mara mbili nilisikia ndala za Bibi uani, akienda kulibana blanketi.

Asubuhi povu zito lilikuwa limepanda karibu na ukingo. Alichota kwa kata, akanywa funda la kwanza yeye mwenyewe mbele ya watu, ndipo akampa mzee wa ukoo. Mzee alikunywa kimya, akafuta masharubu, akairudisha kata ijazwe.

Siku mbili zikipita, mbege hiyo itakuwa imekwisha kuwa chachu. Kwa hiyo ukifika Marangu ukakaribishwa, usiulize imepikwa lini. Uliza mso umeingia lini. Ukiambiwa jana, kaa unywe.