Presha ya Shangazi, Ghorofa ya Nne

Saa kumi na mbili asubuhi, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Mikokoteni haijaanza kugombea njia. Shangazi yangu, miaka 71, amekaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu sakafuni, mkono mezani juu ya khanga iliyokunjwa ili ufike usawa wa moyo. Haongei na mtu. Dakika tano zikipita, mjukuu anabonyeza kitufe, mashine inaunguruma, namba zinatoka, anazipiga picha. Picha inakwenda kwa bintiye shangazi, muuguzi huko Mwanza.

Mfumo wote ndio huo. Hauna jina wala nembo, lakini umepangwa vizuri kuliko vingi vinavyozinduliwa kwa mbwembwe.

Tuanze na mkanda. Mashine hizi hazisikilizi mapigo kama daktari mwenye vipimio vya masikioni. Mkanda hujaa hewa mpaka ukabana mshipa, kisha hewa hupunguzwa taratibu. Damu ikianza kupenya, mkanda hutetemeka, na mashine hupima mitetemo hiyo. Pale inapokuwa mikubwa kabisa ndipo ulipo wastani wa presha. Namba ya juu na ya chini hukokotolewa kutoka hapo kwa hesabu ya mtengenezaji. Ndiyo maana kuongea, kutikisa mkono au moyo unaodunda ovyo huharibu kipimo.

Mkanda uliokuja na boksi ulitosha mkono wa sentimita 22 hadi 32. Shangazi alikuwa mama ntilie. Mkono uliosonga ugali miaka yote hiyo hauingii humo. Utafiti wa Johns Hopkins, Marekani, uliochapishwa 2023, ulionyesha kwamba anayehitaji mkanda mkubwa kuliko yote akipimwa kwa ule wa kawaida, namba ya juu hupanda kwa karibu 20. Mtu anaongezewa dawa kwa kosa la kitambaa. Ukanunuliwa mwingine.

Binti alikataa kuandikiwa namba, akataka picha, kwa kuwa 154 hugeuka 145 kwa kuteleza kidole. Zipo mashine zinazotuma zenyewe kwa bluetooth, ila zinataka simu janja, na shangazi ana kitochi. Mwanzoni picha zilikuwa zinaingia grupu la ukoo. Kila namba ikazaa ushauri: kitunguu saumu, mchaichai, punguza mawazo. Zikahamishwa.

Hupimwa mara mbili asubuhi kabla ya dawa, mara mbili jioni, kwa siku saba. Namba za siku ya kwanza hutupwa, zilizobaki hutafutiwa wastani. Mpaka wa nyumbani ni 135/85, si 140/90 ya kliniki. Namba moja peke yake haiaminiki. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Pascal Bovet na wenzake walipima watu zaidi ya 9,000 wa Dar es Salaam, wa miaka 25 hadi 64. Waliokutwa na presha kubwa na hawana matibabu walirudiwa mara tatu zaidi, na wengi ikawa imeshuka. Wale ambao haikushuka walifuatiliwa kwa mwaka mzima: asilimia 34 tu ndio waliokuwa wamefika kwenye kituo cha afya. Walipimwa, wakaambiwa, basi.

Kwa hiyo ninachokipenda zaidi katika mfumo huu ni karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Wastani wa wiki ukivuka mpaka, binti anapanga siku ya kliniki na mjukuu anampeleka. Mashine ikisoma 180/120, watulie dakika tano, wapime tena, wampigie binti simu, si ujumbe. Kifua kikibana, mdomo ukipinda au maneno yakigoma kutoka, hakuna kupima wala kupiga picha: ni hospitali, Muhimbili. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, yapo majina mawili ya vijana wa duka la vitenge, kwa sababu lifti haifanyi kazi, na ikifika saa nne ngazi zote zimejaa marobota.