Kimandarini au Kikantoni? Vitabu viwili vya Yuen Ren Chao mbele ya mwanafunzi wa isimu

Mwanafunzi wa isimu anayetaka kujifunza Kichina hukabiliwa mapema na swali moja: achague Kimandarini au Kikantoni? Jibu la haraka hutokana na hesabu ya wasemaji na nguvu ya dola. Kimandarini ndicho msingi wa putonghua, usemi wa taifa ambao serikali ya China iliagiza mwaka 1956 uenezwe, matamshi yake yakifuata yale ya Beijing. Kikantoni, usemi wa Guangzhou na Hong Kong, huitwa lahaja tu. Kwa mfanyabiashara hoja hiyo yaweza kutosha. Kwa mwanaisimu haitoshi, na kazi za Yuen Ren Chao (1892–1982) zinaonyesha sababu, hata pale zinapokosea.

Cantonese Primer kilitolewa mwaka 1947, na Mandarin Primer mwaka 1948. Sifa yao kubwa ni kwamba masomo ya kitabu cha pili yanalingana na yale ya cha kwanza: mazungumzo yale yale, katika semi mbili. Msomaji aliye na vitabu vyote viwili ana maabara mezani pake.

Maabara hiyo yafaa kwanza katika fonolojia. «Tatu» ni san kwa Kimandarini, saam kwa Kikantoni. «Kumi» ni shi na sap. «Sita» ni liu na luk. Kikantoni kimehifadhi konsonanti za mwisho m, p, t na k, ambazo Kimandarini kimezipoteza au kuzigeuza. Toni nazo ni nne upande mmoja, na sita upande wa pili, ijapokuwa mapokeo huhesabu tisa. Anayetaka kujua Kichina cha kale kilisikikaje hawezi kuipuuza hiyo inayoitwa lahaja tu.

Chao anaanza na toni, naye anazitia ndani ya tahajia yenyewe. Katika Kimandarini tang ni mchuzi, tarng sukari, taang kulala chali, tanq kuunguza. Ni ufundi wa kusifiwa, kwa kuwa anayekosea toni ameandika neno jingine. Lakini kanuni zake ni nyingi, na tangu pinyin iidhinishwe mwaka 1958, mwanafunzi hulazimika kujifunza tahajia ya ziada ili aingie kitabuni.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika sarufi. Katika A Grammar of Spoken Chinese (1968), Chao anashikilia kwamba semi zote za Kichina zina sarufi moja kwa hakika, ukiacha tofauti ndogo. Miongoni mwa hizo ndogo anataja mpangilio wa yambwa: Kimandarini husema «nipa mimi kitabu», Kikantoni «nipa kitabu mimi». Je, ni ndogo kweli? Tazama pia ulinganisho. Kimandarini husema ta bi wo gao, neno kwa neno «yeye kulinganisha mimi mrefu». Kikantoni husema keoi gou gwo ngo, «yeye mrefu kupita mimi». Msemaji wa Kiswahili cha Kongo, aliyezoea «murefu kupita», au wa Lingala mwenye koleka, ataitambua njia hiyo mara moja. Stephen Matthews na Virginia Yip, katika Cantonese: A Comprehensive Grammar (1994), walikieleza Kikantoni kwa mifano yake chenyewe, na hapo ndipo tofauti hizo zinapopata uzito wake.

Jambo hili halimhusu Mchina peke yake. Tangu Kiunguja kilipofanywa msingi wa usanifishaji mwaka 1928, Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bukavu kimepimwa mara nyingi kwa makosa yake badala ya kanuni zake. Neno «lahaja», likitangulia uchunguzi, huufunga mlango kabla mtu hajabisha hodi.

Basi mwanafunzi aanze na Kimandarini ikiwa walimu na vitabu alivyo navyo ni vya Kimandarini, hakuna aibu. Lakini asiseme amejua sarufi ya Kichina mpaka ameijaribu kwa Kikantoni. Vitabu vya Chao, vikisomwa sambamba, vinampa zana za kumpinga Chao mwenyewe. Na hiyo ni heshima kubwa kwa mwalimu.