Kiti cha Milansi na Haki ya Msanii

Katika masimulizi ya kale ya Ufipa, nchi ya juu iliyo baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kimo kisa cha kiti. Yasemekana kwamba Ntatakwa, mtawala wa kwanza wa Milansi, alikwenda kuwinda akaacha kiti chake cha enzi nyumbani. Alipokuwa porini walifika wanawake watatu wageni, Watwachi, wakakitwaa kiti kile, kisha wakapanda mlima Itwelele wakaitaja mipaka ya nchi kuwa yao. Ntatakwa aliporudi alikuta mambo yamekwisha. Palifanyika mapatano: wageni washike utawala wa nchi, naye abaki na Milansi pamoja na heshima ya aliyetangulia. Roy Willis, mtaalamu wa mila aliyekaa Ufipa, alikichambua kisa hiki katika makala yake ya mwaka 1967 kama habari ya chanzo cha dola. Sisi twapenda kukisoma kwa jicho jingine, yaani kama hoja juu ya milki. Kisa chauliza: je, aliyekikalia kiti ndiye mwenye kiti?

Swali hilo limerudi katika zama zetu kwa sura ngeni. Mchoraji wa leo huiweka picha yake katika intaneti ili watu waione. Mtu asiyemjua huichukua, huiandikia hati ya kidijiti ya namna iitwayo NFT, huiuza hati hiyo sokoni, na bei huingia mfukoni mwake. Mathalani, kijana wa Sumbawanga anayechora malungu, zile tanuri ndefu za udongo ambamo mababu walipata kuyeyusha chuma, anaweza kuamka siku moja na kukuta kazi yake inauzwa kwa fedha asizopata kuziona, na jina la muuzaji halionekani ila tarakimu na herufi tu.

Yatupasa kwanza kujua hati hiyo ni kitu gani, maana wengi huisifu au kuilaani pasipo kuifahamu. NFT ni maandishi yaliyotiwa katika daftari la pamoja, liitwalo blokicheni, ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi, wala mtu mmoja hawezi kulifuta. Maandishi hayo husema kwamba alama fulani ni mali ya mwenye ufunguo fulani. Aghalabu picha yenyewe haimo ndani ya daftari. Kilichomo ni anwani ya mahali picha ilipohifadhiwa. Daftari hulinda kwa uaminifu mkubwa habari ya nani aliandika kwanza na nani akanunua baadaye, lakini haliulizi kamwe nani alichora. Aliyeingia nyumbani mwenyewe akiwa porini akakalia kiti, daftari humwandika kuwa amekaa. Na hapo elimu yake yote hukoma.

Madhara ya upungufu huo yalionekana upesi. Mwezi Machi mwaka 1971 hapakuwa na mchoraji aliyeota jambo hili. Mwezi Machi mwaka 2021 nyumba ya mnada ya Christie's iliuza hati ya kazi ya Mmarekani aitwaye Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69, na uroho wa dunia ukawaka. Mwezi Januari mwaka 2022 OpenSea, soko lililokuwa kubwa kuliko mengine ya hati hizi, lilikiri lenyewe kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vitu vilivyotengenezwa kwa chombo chake cha bure vilikuwa kazi za kunakili, mikusanyo ya uongo, au takataka. Tangu hapo bei zimeshuka sana na kelele zimepungua. Hata hivyo njia ile ingali wazi, na mwizi hangoji bei ipande ndipo aibe.

Msomaji atauliza: je, sheria haimlindi msanii? Humlinda. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yampa mtunzi haki yake tangu kazi inapokuwa kazi, bila sharti la kuiandikisha. Kuiandikisha COSOTA ni kujiongezea ushahidi. Vilevile sheria ya Marekani ya mwaka 1998 imeweka utaratibu ambao mwenye haki huweza kuliandikia soko kulitaka liiondoe kazi yake, na masoko makubwa huutii. Basi mchoraji na atunze faili la asili pamoja na michoro ya awali yenye tarehe. Na aweke mtandaoni nakala ndogo yenye jina lake, aiache kubwa kabatini. Lakini tusijidanganye. Soko likiificha hati, maandishi yake hubaki katika daftari milele. Na kumshitaki mtu asiye na jina wala makazi ni kazi nzito kwa tajiri wa London, seuze kwa mchoraji wa Sumbawanga.

Kabla ya kumhukumu kila aliyeandika hati juu ya picha asiyoimiliki, hapana budi kutazama kesi moja iliyotokea Kongo, kwani inatupindulia hoja. Mwaka 1931 Wapende waliinuka dhidi ya utawala wa Wabelgiji, na ofisa mmoja, Maximilien Balot, akauawa. Mchongaji wa Kipende alichonga sanamu yake. Sanamu hiyo ilinunuliwa na Mmarekani, na mwisho ikaingia katika jumba la sanaa la Virginia. Wasanii wa Lusanga, wa chama kiitwacho CATPC, walitaka waazimwe sanamu hiyo wasifanikiwe. Ndipo mwaka 2022 wakachukua picha ya sanamu na kuiandikia hati za NFT, wapate fedha za kununua ardhi. Jumba likalalamika kwamba masharti ya kutumia picha zake yamevunjwa. Mwaka 2024 sanamu iliazimwa, ikaonyeshwa Lusanga.

Hapa nani Ntatakwa, na nani mgeni? Kwa daftari, Mlusanga aliyeandika hati na mwizi wa picha za malungu ni sawasawa. Wote wawili wameandika. Kwa masharti ya jumba, Mlusanga ni mkosaji. Lakini kwa mtu aijuaye historia ya sanamu, tofauti ni kubwa mno, maana mmoja adai kitu kilichotoka kwao, na mwingine ajitwalia kisichomhusu. Tofauti hiyo haikupatikana katika mashine wala katika kifungu cha masharti. Imepatikana katika masimulizi: nani alichonga, lini, kwa sababu gani, na kitu kilipitia mikono ya nani.

Ndipo turudi Milansi. Jambo la ajabu katika kisa kile ni kwamba Ntatakwa alipoteza utawala lakini hakupoteza utangulizi wake. Watwachi walitawala, ukoo wao ukagawanyika katika dola mbili za Nkansi na Lyangalia. Hata hivyo Milansi ilibaki ikiheshimiwa kuwa ya kwanza. Kilichoilinda ni midomo ya watu walioendelea kusimulia kwamba kiti kilikuwa na mwenyewe kabla ya wageni. Hadhira ilikuwa shahidi.

Kutokana na hayo twaona wajibu ulio juu yetu sisi tunaosoma na kufundisha sanaa. Tumezoea kuandika "sanaa ya Wafipa" au "mchoro wa Kitanzania" na kuishia hapo, kana kwamba kazi ilichipuka kama uyoga. Mazoea hayo humrahisishia mwizi kazi yake, kwa maana kitu kisicho na jina hupokea jina la yeyote. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na wanafunzi wake wameiga mtindo wake hadi leo. Lakini wengi wao hutia sahihi zao, na kuiga mtindo huko kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa wizi. Mtindo ni wa wengi, kazi ni ya mtu. Mhakiki asiyeitaja sahihi huichanganya mipaka hiyo.

Basi na tuandike. Mwanafunzi wa Rukwa anayefanya utafiti wa sanaa ya kwao na ataje mchoraji kwa jina, kwa idhini yake, aonyeshe mwaka na mahali, aieleze kazi kwa ukamilifu kiasi cha kuitambua popote itakapokutwa. Uhakiki wa namna hiyo hautamzuia mgeni kuingia nyumbani mwenyewe akiwa porini. Utahakikisha tu kwamba, mwenyewe arudipo, wako watu wanaokumbuka kiti kilikuwa cha nani.