Nadharia, Mageuko na Dunia: Uhakiki wa Msamiati wa Mjadala

Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, mtafutaji mashuhuri wa visukuku, aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, kaskazini ya Lodwar, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Uchimbaji uliofuata ulifichua kiunzi cha mifupa cha kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi yalipokuwa yakikarabatiwa, Askofu Boniface Adoyo aliongoza upinzani wa Wakristo wa kiinjili dhidi ya kuonyesha visukuku hivyo kama ushahidi wa asili ya binadamu. Richard Leakey alimpinga. Mzozo huo huelezwa kuwa ni wa imani na sayansi; lakini kwa msemaji wa Kiswahili, sehemu yake si ndogo ni mzozo wa maneno.

Tuanze na neno nadharia. Katika matumizi ya kila siku neno hili husimama mkabala na vitendo. Kwa hiyo anayesema mageuko ni "nadharia tu" husikika akisema ni maneno matupu, ilhali kwa mwanasayansi nadharia ni maelezo yaliyojengwa juu ya ushahidi. Neno mageuko nalo lina mzigo wake: katika ngano, mtu hugeuka nyoka au jiwe kwa dakika moja. Msikilizaji hawezi kulaumiwa akidhani anaambiwa habari za uchawi. Baya zaidi ni usemi kwamba "mtu alitokana na nyani". Sayansi haisemi hivyo. Husema kwamba binadamu na sokwe wana mhenga mmoja wa kale, na nyani ni jamaa wa mbali zaidi.

Kinyume chake, dini ilipofika Turkana ilijali maneno. Mungu wa Wakristo aliitwa Akuj, jina ambalo Waturkana walikuwa nalo tangu zamani, lenye kuhusiana na mbingu. Imani mpya ilipita katika mlango uliokuwa wazi. Sayansi, iliyochimba katika ardhi hiyo hiyo, haikuwaachia wenyeji msamiati wa kulisimulia jambo hilo.

Upungufu huo unagusa pia dola. Katiba ya Kenya ya 2010 hukiri ukuu wa Mungu katika dibaji yake, kisha katika kifungu cha 8 huamua kwamba hakutakuwa na dini ya serikali. Utaratibu huu ukiitwa "wa kidunia", mwumini husikia dhambi, kwa kuwa mimbarini dunia ni kinyume cha uchaji. Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, Wakristo na Waislamu kutoka nchi nyingi huishi pamoja, na watoto wao husoma kwa mtaala wa Kenya. Kwao, dola isiyopendelea dini ni ngao ya kila mwumini. Maneno "isiyopendelea dini" yaeleza hivyo bila kumtisha mtu.

Yaweza kudaiwa kwamba msamiati bora hautamaliza ubishi. Ni kweli. Mwumini aliyeelewa barabara bado anaweza kukataa. Lakini hapo atakuwa amekikataa kile kilichosemwa, si kivuli kilichozuliwa na tafsiri mbovu. Na huo ndio ubishi unaostahili kufanyika hadharani. Kuuandalia maneno ni wajibu wa wanaisimu.